Je, dubu weupe wa Aktiki wanapungua kweli? Jibu kwa mwalimu wa Donholm

Swali: Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya upili hapa Donholm. Chama chetu cha mijadala kimeandaa hoja kwamba dubu weupe wa Aktiki wako mbioni kuangamia. Mwanafunzi wa kidato cha tatu atakayepinga hoja amekuja na takwimu: miaka ya sitini dubu hao walikuwa 5,000, leo wamezidi 25,000. Nimezitafuta na nimezikuta zimeandikwa kila mahali. Kwingine nasoma kwamba wanakufa njaa. Nani mkweli? Na kijana huyu nimwambie nini bila kumvunja moyo?

Jibu: Mwalimu, usimnyang'anye kijana takwimu zake. Kuna ukweli ndani yake, ila si ule anaoudhania. Hakuna mtu leo anayeweza kukuonyesha kwa hesabu kwamba jumla ya dubu weupe duniani imekwisha kushuka. Yapo hata hivyo makundi yaliyofuatiliwa kwa miongo kadhaa, na baadhi yake yameshuka waziwazi, hasa pale ambapo barafu ya bahari imekuwa ikipungua kwa muda mrefu. Anayetangaza kwamba dubu wote wanakwisha sasa hivi anatia chumvi. Anayesema hakuna tatizo hajayaangalia makundi hayo, au ameyaangalia akanyamaza.

Hiyo 5,000 ilitoka wapi? Miaka ya hamsini na sitini hakukuwa na njia ya kuhesabu mnyama mweupe anayezurura peke yake juu ya barafu, katika eneo linaloizidi Afrika Mashariki yote mara kadhaa. Watafiti wa Umoja wa Kisovieti walihesabu walichoweza kukiona sehemu chache, wakapiga hesabu ya eneo zima, wakapata kati ya 5,000 na 8,000. Wenzao wa Amerika Kaskazini walikuwa wakitaja 10,000 na zaidi. Wataalamu wa nchi zenye dubu walipokutana Fairbanks, Alaska, mwaka 1965, hawakuwa na namba moja ya kukubaliana. Kwa hiyo 5,000 ni kadirio moja, la chini kabisa, lililochaguliwa kati ya mengi. Ukianzia kwenye kadirio la chini kuliko yote, chochote utakachofikia baadaye kitaonekana ongezeko kubwa.

Lakini ongezeko lenyewe lilikuwepo, na kijana ana haki ya kulitaja. Wakati ule dubu walikuwa wakiuawa kwa bunduki kuliko kwa jambo jingine lolote. Huko Alaska, wawindaji wenye pesa walikodi ndege ndogo, wakamfuata mnyama juu ya barafu, wakatua na kumpiga risasi. Kwenye visiwa vya Svalbard, vilivyo chini ya Norwei, watu walitega bunduki ndani ya visanduku. Dubu alipovuta chambo, ilifyatuka usoni mwake. Walikufa kwa mamia kila mwaka. Wasovieti walipiga marufuku uwindaji huo mwaka 1956, Marekani ikaubana mwaka 1972, na Novemba 1973 nchi tano zenye dubu, yaani Kanada, Denmark kwa niaba ya Greenland, Norwei, Marekani na Umoja wa Kisovieti, zikatia saini mkataba wa kuwahifadhi mjini Oslo. Vita Baridi vilikuwa vikiendelea, na bado mahasimu hao walikaa meza moja kwa ajili ya mnyama. Mimi nauhesabu mkataba huo kati ya mambo mazuri kabisa yaliyowahi kufanywa katika uhifadhi. Makundi kadhaa yaliyokuwa yameumizwa na bunduki, la Svalbard likiwemo, yaliinuka.

Hapa wanafunzi wako wana mfano wa nyumbani, na ningependa uutumie, kwa sababu hesabu zake ni zetu. Mwaka huohuo wa 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufikia 1989, majangili walikuwa wamewafikisha 16,000. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikuta ndovu 36,280. Mtu akianzia 1989 atakwambia ndovu wetu wameongezeka zaidi ya maradufu. Akianzia 1973 atakwambia tumepoteza zaidi ya robo tatu. Wote wawili wamejumlisha na kutoa bila kosa. Kisha mwaka 2022 kiangazi kikatuangukia, na kati ya Februari na Oktoba serikali ikahesabu ndovu 205 waliokufa. Je, kupona kwa ndovu baada ya ujangili kudhibitiwa kunathibitisha kwamba kiangazi hakiwadhuru? Hakuna mwanafunzi wa Kajiado au Samburu atakayekubali. Bunduki ni tishio moja na ukame ni jingine, na kulishinda la kwanza hakukulindi na la pili.

Kwa dubu weupe, tishio hilo la pili ni kupotea kwa barafu.

Tangu mwaka 1979 setilaiti zimekuwa zikipima barafu ya Aktiki mfululizo. Hufikia kiwango cha chini zaidi mwezi Septemba, na eneo la mwezi huo limekuwa likipungua kwa takriban asilimia 12 kila miaka kumi. Mwaka 1979 kiwango hicho cha chini kilikuwa karibu kilomita za mraba milioni 7. Mwaka 2012, ambao ndio unaoshikilia rekodi, zilibaki kama milioni 3.4. Hapo hakuna makadirio ya kubishania.

Barafu ina maana gani kwa dubu? Ni uwanja wake wa kuwindia. Dubu mweupe anaogelea vizuri, ila majini hawezi kumpata sili, mnyama wa baharini anayemtegemea kwa chakula, ambaye ni mwepesi kuliko yeye. Lazima amvizie juu ya barafu, pembeni mwa tundu ambalo sili hutokeza kichwa ili apumue, au amfukue mtoto wa sili kwenye pango lake la theluji. Anachokitafuta hasa ni shahamu, lile tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Akishiba vizuri, nyama anaweza kuiacha. Wakati mwema kuliko wote ni majira ya kuchipua, Aprili hadi Juni hivi, watoto wa sili wakiwa wanono na hawajajua hatari. Katika majuma hayo dubu hujipatia sehemu kubwa ya nishati ya mwaka mzima.

Kwa hiyo barafu ikivunjika wiki tatu mapema, wiki zinazopotea si za kawaida. Zinakatwa kutoka kwenye msimu wa mavuno wenyewe. Kisha dubu anakwenda nchi kavu kufunga, na mfungo nao umerefuka. Anayeumia kuliko wote ni jike mwenye mimba. Hujifungua ndani ya pango mwezi wa Novemba au Desemba, kwa kawaida watoto wawili, kila mmoja akiwa na uzito usiofika kilo moja, na huwanyonyesha humo mpaka mwisho wa baridi bila kula chochote. Upande wa magharibi wa Ghuba ya Hudson jike wa namna hiyo anaweza kukaa miezi minane bila mlo. Akiingia pangoni akiwa amekonda, maziwa hupungua, watoto hudhoofika. Akikonda zaidi, mimba haishiki kabisa. Ndiyo maana idadi ya dubu haiporomoki kwa mizoga kuonekana imetapakaa ufukweni. Inashuka kwa watoto ambao hawakuzaliwa na wale waliozaliwa wasifike mwaka wa pili, na jambo hilo halipigiki picha.

Ghuba ya Hudson Magharibi, nchini Kanada, karibu na mji mdogo wa Churchill, ndipo dubu walipochunguzwa kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mwaka 1987 walikadiriwa kuwa karibu 1,200. Mwaka 2004 walikuwa 935. Hesabu ya kutoka angani ya mwaka 2016 ilitoa 842, na ya mwaka 2021 ikatoa 618. Msimu usio na barafu umerefuka kwa wiki tatu hadi nne tangu miaka ya themanini. Uzito wa wastani wa majike waliodhaniwa kuwa na mimba ulishuka kutoka kama kilo 290 mwaka 1980 hadi kama 230 mwaka 2004. Ukiziweka pamoja idadi, miili na tarehe za barafu, zote zinaelekea upande mmoja. Kwangu mimi hilo lina nguvu kuliko namba yoyote ikisimama peke yake.

Sasa nikupe pingamizi lenye uzito, kwa sababu kijana wako akilikuta atalitumia, na itakuwa haki yake. Namba hizi zina mapana. Hiyo 618 ya 2021 ina maana kwamba idadi halisi huenda iko popote kati ya 385 na 852, na mbinu ya 1987 haikuwa ile ya 2021. Zaidi ya hayo, kundi jirani la Ghuba ya Hudson Kusini lilipanda kati ya 2016 na 2021, kutoka 780 hadi 1,119. Wapo wanaouliza kama dubu hawakuvuka tu mpaka wakaenda kwa jirani. Ni swali zuri. Huenda baadhi walihama, na pengo la miaka hiyo mitano pekee nisingelitegemea kushinda mjadala. Lakini kuhama katika miaka mitano hakuelezi mteremko ulioanza miaka ya themanini, wala hakuelezi majike waliopungua kilo 60. Mnyama aliyehama hamwachii kukonda mwenzake aliyebaki. Chakula kingekuwa cha kutosha, waliobaki wangenenepa.

Kundi la pili lenye habari mbaya ni la Bahari ya Beaufort Kusini, mpakani mwa Alaska na Kanada. Liliporomoka kutoka kama 1,500 hadi kama 900 kufikia 2010. Upande wa Alaska, kati ya watoto 80 walioonekana na watafiti kuanzia 2004 hadi 2007, waliojulikana kuishi ni wawili tu. Baadaye idadi upande huo ilionekana kutulia.

Na je, wanahesabiwaje? Wako wanaodungwa sindano ya usingizi kutoka kwenye helikopta na kuwekewa alama. Ukiwatia alama dubu 100, halafu mwaka unaofuata ukakamata 100 na ukakuta 25 kati yao wana alama, unajua kundi lina kama 400. Siku hizi hutumiwa pia kishale kinachochukua kipande kidogo cha ngozi ili kusoma vinasaba, au ndege hupita kwa mistari iliyopangwa, kama zinavyofanya zetu kule Tsavo na Laikipia. Ni kazi ghali, ya hatari, na hutegemea hali ya hewa. Ndiyo sababu kati ya makundi 19 ambayo wataalamu wa IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, wameyafuata kwa miaka mingi, baadhi hayana takwimu za kutosha hata leo, yakiwemo ya upande wa Urusi. Ile jumla ya 26,000 iliyotolewa mwaka 2015, yenye mapana ya 22,000 hadi 31,000, ina makundi hayo ndani yake. Wataalamu walioitoa hawaitumii kupima kama dubu wanaongezeka au wanapungua. Anayelinganisha 5,000 ya kubahatisha na 26,000 yenye sehemu za kubahatisha, kisha akasema wameongezeka mara tano, amejenga juu ya mchanga pande zote mbili.

Yapo makundi yanayoendelea vizuri, na ni wajibu wako kuwaambia wanafunzi. Katika Bahari ya Chukchi, kati ya Alaska na Urusi, barafu imepungua sana na bado dubu wamekutwa wanono na wanazaa, kwa sababu bahari hiyo ni ya kina kifupi, ina rutuba na sili tele. Walikadiriwa kuwa karibu 3,000 mwaka 2016. Pale Svalbard, barafu imepotea haraka kuliko karibu kila mahali, na watafiti wa Norwei wamekuta dubu walio na miili mizuri. Kaskazini mwa Kanada, Bonde la Kane na Mlango wa M'Clintock yameonyesha ongezeko. Huko barafu ilikuwa nene kupita kiasi, ya miaka mingi, na ilipokonda kidogo uwindaji ukawa rahisi. Nafuu hiyo ni ya muda. Barafu ikiendelea kukonda hata huko, itafika mahali haitoshi.

Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Kristin Laidre walieleza kundi dogo kusini-mashariki mwa Greenland, la dubu mia chache, ambalo huishi sehemu kubwa ya mwaka bila barafu ya bahari. Wengine waliishangilia habari hiyo kana kwamba imemaliza ubishi. Dubu hao huwinda juu ya vipande vya barafu ya maji baridi vinavyomeguka kutoka kwenye mito ya barafu na kujaa katika ghuba nyembamba. Mahali penye hali hiyo ni pachache Aktiki. Nayafurahia maisha yao, lakini dubu wa Churchill hawana pa kuyaigia.

Utasikia pia kwamba dubu watazoea kula vya nchi kavu. Hilo limepimwa. Karibu na Churchill dubu 20 walivishwa kola zenye kamera wakati wa majira ya joto. Walionekana wakila matunda pori, nyasi, ndege, mizoga. Kati yao, 19 walipungua uzito, kwa wastani wa kilo moja kwa siku.

Kuna sauti nyingine isiyostahili kudharauliwa, ya Wainuiti, wenyeji wa kule. Wengi wao wanasema wanaona dubu wengi kuliko zamani, na wamechoka kuhofia watoto wao wakienda shuleni. Wanasema wanachokiona. Theluthi mbili hivi ya dubu wote wako Kanada, na anayelala na hatari hiyo mlangoni ni wao, si sisi. Lakini dubu aliyekosa barafu hukaa ufukweni muda mrefu zaidi na husogelea jalala la kijiji, kwa hiyo kuonekana mara nyingi kunaweza kutokea wakati idadi imetulia au hata imeshuka. Simba wakionekana barabarani Lang'ata au wakiingia boma la mtu Rongai, hakuna anayesema simba wa Nairobi wamejaa. Watu huuliza kimetokea nini mbugani.

Lazima niseme pia kwamba upande wetu, wa wahifadhi, umejiharibia. Pengine wanafunzi wako wameiona video ya mwaka 2017 ya dubu aliyebaki mifupa, akijikokota kwenye kisiwa cha Somerset. Ilisambazwa na National Geographic ikielezwa kwamba mabadiliko ya tabianchi yana sura hiyo. Hakuna aliyempima dubu yule. Angeweza kuwa mzee, mgonjwa au majeruhi. Mwaka uliofuata jarida lenyewe lilikiri kwamba lilivuka mipaka. Mnyama mmoja anayekufa hathibitishi kitu, na mnyama mmoja mnono hathibitishi kitu vilevile. Inanichoma kwamba ushahidi mzuri, uliokusanywa kwa miaka mingi ya baridi kali, ulifunikwa na picha moja, na sasa kila mwenye kubisha huanzia hapo.

Kuhusu siku zijazo, hukumu ya wataalamu ni nzito kuliko hesabu ya leo. Marekani ilipomweka dubu mweupe kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2008, msingi wake ulikuwa barafu inayotarajiwa kupotea, si idadi ya wakati ule. Utafiti ulioongozwa na Péter Molnár mwaka 2020 ulikadiria siku ambazo dubu anaweza kufunga kabla watoto na mama hawajaanza kufa, ukalinganisha na siku zisizo na barafu zinazotarajiwa. Gesi za kuongeza joto zikiendelea kutolewa kwa wingi, makundi karibu yote yatakuwa taabani kufikia mwaka 2100, isipokuwa pengine ya visiwa vya kaskazini kabisa mwa Kanada. Zikipunguzwa, barafu huacha kupungua na makundi mengi zaidi hubaki. Barafu hufuata joto, na joto linafuata tunachochoma.

Kwa hiyo kijana wako, mwalimu, mwache apinge. Mwambie aiache ile 5,000, kwa sababu mpinzani aliyejiandaa ataivunja kwa dakika moja. Badala yake ashike Chukchi, Svalbard na Bonde la Kane, ashike mkataba wa Oslo, na awabane wenzake wamwonyeshe jumla ya dunia iliyoshuka. Hawataiona. Upande wa kuunga mkono nao usiguse ile video. Uende Churchill, uweke tarehe za barafu kando ya kilo za majike, na umwombe kijana aeleze uhusiano wake. Ningebadilisha na hoja yenyewe, isomeke kwamba kupotea kwa barafu ya bahari kunawaweka dubu weupe hatarini, maana "mbioni kuangamia" inampa mpinzani ushindi kabla hajasimama. Na ukipata ubao mpana, chora mistari miwili ya ndovu wetu, mmoja ukianzia 1973 na mwingine 1989, dakika kumi kabla mjadala haujaanza.